Muulizeni Aliyeugua

Nimepewa nafasi fupi, basi naingia moja kwa moja.

Matawi yetu kadhaa yanataka kuanzisha huduma kwa wenye magonjwa ya akili, hasa wakimbizi, wajane na vijana waliotoka kwenye dawa za kulevya. Ni jambo jema sana. Lakini ukiuliza nani yuko kwenye kamati, utaambiwa mchungaji, mweka hazina na dada mmoja muuguzi. Mgonjwa mwenyewe ataitwa siku ya uzinduzi.

Hebu tazameni Harare. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wawasikilize watu kwenye benchi nje ya kliniki. Alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi zetu wale wakakataa: nani atakaa hapo majirani wakimwona? Likawa Benchi la Urafiki. Hata ugonjwa waliuita kwa Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. (Si ndiyo sisi tunasema fulani "ana mawazo"?) Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mtasema, lakini hao bibi si wagonjwa. Sawa. Basi njooni karibu, Butabika, Kampala. Pale watu waliowahi kuugua wenyewe wamefundishwa kuwatembelea wenzao waliotoka hospitali. Kazi ya namna hiyo imejaribiwa na Dar es Salaam pia.

Sasa fikirini mambo ambayo kamati peke yake haiyaoni. Dawa nyingi za akili zinaleta usingizi. Ukiiweka huduma yako usiku wa mkesha, mgonjwa huyo hayupo. Ukimwita mbele ashuhudie, wiki ijayo hutamwona. Mkimbizi ukimwandika jina kwenye daftari kabla hajakuzoea, ataogopa. Na ndugu anayevuka mpaka kuja kwenye kongamano, je, ana dawa za kumtosha mpaka arudi? Maombi yaendelee, ila pasiwe na mtu wa kumwambia aziache.

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu anaona. Hata hivyo Bwana alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa matawi ni hili: kabla hamjachapisha hata barua moja, wekeni kwenye kamati watu wawili waliopitia ugonjwa huo. Wawili, maana mmoja peke yake atanyamaza. Wakisema "hii haitafaa", ibadilishwe kweli, isiandikwe tu kwenye kumbukumbu za kikao. Na nauli walipwe, kama wajumbe wengine.