Mshika Saa Katika Mkutano Mkuu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya uendeshaji wa Mkutano Mkuu. Jambo hilo ni pana, na mengi yake mmekwisha kuyasikia: kwamba ajenda zitolewe mapema, akidi ihesabiwe, muhtasari usomwe na kuthibitishwa. Sitayarudia. Nitasema juu ya mtu mmoja tu, ambaye katika vyama vingi hachaguliwi, hafundishwi, wala jina lake haliandikwi katika muhtasari, hali mkutano wote umo mkononi mwake. Huyo ni mshika saa.

Kwanza tufanye hesabu. Chukueni chama ambacho wanachama 300 wamehudhuria. Mkutano unafunguliwa saa nne asubuhi, na ifikapo saa nane watu wataanza kuondoka, kwa kuwa ng'ombe wanangoja majani na wale wa mbali wanawahi gari. Hizo ni dakika 240. Toeni dakika 30 za kufungua, dua, salamu na kuhesabu akidi. Toeni 30 nyingine za muhtasari na yatokanayo. Taarifa ya bodi, taarifa ya mkaguzi wa hesabu, makisio ya mapato na matumizi, na ukomo wa madeni, vikisomwa kama ipasavyo, havipungui dakika 60. Majibu ya bodi yapeni 30. Wanachama wamebakiwa na dakika 90. Kila mmoja akisema kwa dakika kumi, watasema watu tisa kati ya 300. Wakisema kwa dakika tatu, watasema 30. Lakini kipaza sauti nacho kina safari yake kutoka mkono hadi mkono, basi hesabuni 25.

Mkutano usiofanya hesabu hii mapema utaifanya jioni, tena kwa hasara. Ajenda inayoumia siku zote ni ya mwisho, na katika vyama vyetu ajenda ya mwisho aghalabu ndiyo ukomo wa madeni. Nimekuta muhtasari unaoonyesha kwamba chama kilijiruhusu kukopa fedha nyingi kwa kauli ya watu ambao ningeweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, ilhali orodha ya mahudhurio ya asubuhi ilijaa kurasa tisa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba muda ulikuwa umekwisha. Muda haukwisha wenyewe. Uliliwa, na walioula walijulikana.

Sasa niwaeleze kosa langu mwenyewe, maana si haki nikague ya wengine tu.

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilihudhuria Mkutano Mkuu wa chama kimoja cha kahawa, ambacho sitakitaja. Mkutano ulichelewa kuanza kwa saa nzima na robo. Mgeni wa heshima alizungumza dakika 50, na hakuna aliyethubutu kutazama saa. Mwenyekiti akasoma taarifa yake kwa dakika 40. Ulipofika wakati wa wanachama, alinigeukia akasema, "Ndugu Mkaguzi, wewe una saa nzuri, tusaidie. Wanachama dakika tatu tatu." Nilifurahi kupewa kazi. Nilikuwa na kengele ya shule na saa ya mkononi, na nilijiona mtu wa haki kwa sababu sikumzidishia yeyote hata nusu dakika.

Akaitwa mama mmoja, mjane, wa makamo ya shangazi zangu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Nilianza kuhesabu pale jina lake lilipotajwa. Akainuka, akapita katikati ya watu, akafika mbele, akasubiri kipaza sauti, akawaamkia wazee kama ilivyo ada. Alipotamka neno lake la kwanza la hoja, dakika moja na nusu ilikuwa imekwenda. Alikuja na stakabadhi tatu za kituo cha kupokelea kahawa. Alisema kwamba amepima mzigo wake dukani kabla ya kuupeleka, akapata kilo 62. Stakabadhi ikaandikwa 58. Akaanza kufungua stakabadhi ya pili. Nikapiga kengele.

Mama yule alinyamaza katikati ya sentensi. Akakunja karatasi zake, akazifunga katika pindo la khanga, akarudi kukaa. Watu walinipigia makofi kwa kuwa nilikuwa mkali. Mwenyekiti akajibu kwamba mizani ni mizima, kisha akaeleza habari za barabara na za mbolea kwa dakika kumi na mbili. Huyo sikumpigia kengele. Hakuna aliyeniambia kwamba kengele ni yake pia.

Msimu wa pili uliofuata nilitumwa kukagua daftari za chama kilekile. Ninyi makatibu mnajua kwamba kahawa ikikaa ghalani hupungua uzito kidogo kwa kukauka. Ghala lile halikupungua kamwe. Kila shehena iliyotoka ilikuwa nzito kuliko kilo zilizopokelewa, na ziada hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa majina ya watu wawili ambao hawakuwa na shamba la ukubwa huo. Mizani ya kituo ilikuwa ikiwapunja wanachama wote misimu miwili mizima. Nilimtafuta yule mama ili nichukue maelezo yake. Nilimkuta ameacha kupeleka kahawa chamani. Alikuwa akiuza kwa mlanguzi, kwa bei ya chini. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo ananipunja lakini ananisikiliza." Stakabadhi zake alikuwa angali nazo.

Ndiyo sababu huwaambia makatibu kwamba saa ya mkutano ni mizani. Tangu wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, ushirika umeshikilia kwamba mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Jumuiya ya kimataifa ya ushirika ilipoandika upya kanuni zake huko Manchester mwaka 1995, jambo hilo lilibaki palepale. Lakini kura hupigwa juu ya yale yaliyosikiwa. Ikiwa dakika zinagawiwa kwa upendeleo, kura zitakuwa sawa katika karatasi tu.

Wala jambo hili si geni duniani. Katika mji wa Athens, karne ya nne kabla ya Kristo, mahakama zao zilikuwa na waamuzi hata 500 kwa shauri moja, wote raia wa kawaida. Msemaji alipimiwa kwa maji: chungu kilichotobolewa chini kilijazwa, naye akasema hadi maji yaishe. Chungu kimoja kilichochimbuliwa huko kina ujazo wa lita 6 na kidogo, na maji yake huisha kwa dakika 6 hivi. Mambo mawili ya watu wale yanastahili kuigwa. Kwanza, aliyesimamia maji alipatikana kwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa waamuzi wenyewe, ili pasiwe na mtu wa kumwandaa. Pili, maji yalizibwa wakati sheria au ushahidi ukisomwa, kwa maana usomaji wa nyaraka si maneno ya msemaji. Laiti ningalijua hilo siku ya stakabadhi tatu.

Hapa kwetu, wale wanaofuatilia Bunge wanajua kengele inavyolia kumaliza muda wa mbunge, na taarifa rasmi za majadiliano huandika kabisa kwamba kengele imelia. Huko Marekani, kitabu cha taratibu za mikutano cha Henry Robert, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, kinampa mjumbe dakika kumi kwa hoja, iwapo chama hakikujiwekea kanuni nyingine. Na mtu hasemi mara ya pili juu ya hoja ileile ikiwa yuko ambaye hajasema hata mara moja na anataka kusema. Dakika kumi ni nyingi mno kwa mikutano yetu. Hiyo kanuni ya pili, lakini, naiona ni ya thamani kuliko kengele yenyewe, na haihitaji chombo chochote isipokuwa kalamu ya katibu.

Basi tufike kwenye kazi. Mshika saa asiwe mjumbe wa bodi, wala mtumishi wa chama, wala mkaguzi, kama nilivyofanywa mimi. Wanachama wachague wawili mwanzoni mwa mkutano, mmoja apumzike mwenzake akifanya kazi. Hapohapo mkutano upitishe kwa kunyosha mikono idadi ya dakika, na hiyo iingie katika muhtasari. Mwenyekiti asiibadilishe peke yake. Ikionekana wasemaji ni wengi, aulize mkutano kama dakika tatu zipunguzwe kuwa mbili kwa ajenda inayofuata, kamwe si katikati ya ajenda, kwani si haki wa kwanza kupata tatu na wa mwisho kupata mbili juu ya jambo moja.

Chombo chenyewe ni rahisi. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde yafaa. Siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye saa ya kuhesabu kurudi nyuma, nayo ni nzuri, ila mshika saa azime mawimbi kwanza. Nimeona hesabu ikipotea kwa sababu shemeji wa mshika saa alipiga simu kuuliza habari za mahari. Simu iwe na chaji ya kutosha, na kioo chake kisijizime. Muhimu zaidi, msemaji aone. Kengele inayolia ghafla humshtua mtu na kumwaibisha. Sharti itanguliwe na ishara. Kata vipande viwili vya kadibodi ukubwa wa daftari, kimoja cha njano na kimoja chekundu. Cha njano kiinuliwe ikibaki nusu dakika, chekundu muda ukiisha, na kengele ilie mara moja tu ikiwa msemaji bado anaendelea. Baada ya chekundu amalize sentensi aliyoianza. Nasema sentensi, si hadithi.

Hesabu ianze lini? Ianze mtu anapofika kwenye kipaza sauti, akishataja jina na namba yake ya uanachama. Mwendo wake si muda wake. Kipaza sauti kikikatika, watu wakipiga kelele, mwenyekiti akimkatiza, au mtu akisimama kuhusu utaratibu, saa isimame. Akisoma stakabadhi au kifungu cha masharti, saa isimame. Mzee anayesema kwa lugha ya nyumbani na kutafsiriwa apewe muda maradufu, kwa sababu nusu yake ni ya mfasiri. Wako wanaosema kwamba hapo tunampendelea. Sikubaliani nao. Kilo za maneno yake ni zilezile. Gunia ndilo limekuwa mawili.

Juu ya salamu nimebishana sana na wenzangu, ambao wangependa zipigwe marufuku. Mimi siwezi kumwambia mwanamke wa miaka sabini asimwamkie aliyemzidi umri. Mwenyekiti asalimie kwa niaba ya wote mara moja, na msemaji akiongeza neno moja la heshima lisihesabiwe. Lakini yule anayewataja viongozi wa meza kuu mmoja mmoja kwa vyeo vyao, huyo saa imwendee.

Dakika zisigawiwe. Utasikia mtu akisema, "Zangu mpeni Ndugu fulani." Kwa mtindo huo, mwenye watu wengi atanunua mkutano mzima kwa soda. Asiyetaka kusema anyamaze, na zamu iende kwa anayefuata katika orodha.

Na bodi je? Bodi iwe na saa yake. Taarifa ipimiwe muda, na majibu yapimiwe muda, kwa kengele ileile na kadi zilezile. Mgeni wa heshima aandikiwe katika barua ya mwaliko idadi ya dakika alizotengewa. Wengi wao hushukuru, kwani nao wana safari. Najua mshika saa mnyonge ataona taabu kumwinulia mkubwa kadi nyekundu. Kwa hiyo mwenyekiti ajifanyie majaribio: hotuba yake mwenyewe ndiyo ipigiwe kengele ya kwanza ya siku, naye akae mara moja. Nilikiona chama kimoja kikifanya hivyo, na baada ya hapo hakuna aliyenung'unika.

Mwisho ni daftari. Katibu awe na ukurasa wenye safu nne: jina, ajenda, dakika alizotumia, na kama ni mara yake ya kwanza au ya pili. Aliyekatizwa kabla ya kumaliza aandikwe, na hoja yake iliyobaki ipokelewe kwa maandishi siku hiyohiyo, isomwe katika kikao cha bodi kinachofuata na ajibiwe kwa barua. Nitakapofika kukagua vyama vyenu nitauomba ukurasa huo pamoja na daftari la mapokezi na la fedha, na nitauliza barua ngapi zimejibiwa.

Ndugu Mwenyekiti, nilipewa dakika 25 na kadi ya njano nimeiona. Zilizobaki naomba ziwe za maswali, na aanze mtu ambaye tangu asubuhi hajasema.