Cheche kwa Wakati Wake

Somo: Mithali 15:23, Yakobo 1:19



Leo twendeni pamoja hadi Gikomba, hapa Nairobi. Wengi wenu mwalijua soko hilo kwa mitumba. Lakini nguo zinapokwisha huanza sauti ya nyundo, na katikati ya vyuma chakavu wamo mafundi wa jua kali. Kwa mmoja wao, mzee mpole, tulinunua kabureta kuukuu ya gari letu la kanisa, pikapu ya Datsun 1200, ambayo hutubebea viti na sufuria wakati wa matanga.

Tuliifunga wenyewe. Injini ikawaka, lakini ikatetemeka. Basi tukalegeza distributa, tukaizungusha kwa kusikiliza kwa masikio tu, mpaka mngurumo ukapendeza. Tukajisifu kwamba tumeweka taimingi.

Siku ya kumzika mama mmoja wa kanisa letu, gari lilifika mlimani likaanza kugonga kama debe lenye mawe. Nguvu zikaisha. Viti vikafika mazishi yamekwisha, na wazee walikuwa wamesimama juani.

Kesho yake tukarudi Gikomba na hasira zetu. Mbele ya wateja wake tukamwita yule fundi mwizi.

Hakujibu. Alifungua boneti, akasikiliza, kisha akasema, "Wazee wangu, kabureta ni nzima. Moto wenu ndio unaowahi."

Akatueleza. Pistoni hupanda ikibana petroli na hewa. Cheche ya plagi yapasa kutoka kitambo kidogo tu kabla pistoni haijafika kileleni, ili moto uisukume inaposhuka. Cheche ikiwahi mno, moto hupigana na pistoni ingali inapanda. Ndiyo maana injini hugonga, na mwishowe pistoni huweza kutoboka. Cheche ikichelewa, gari huwa zito na injini hupata joto. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo moja, kila moja kwa wakati wake.

Alichomoa mpira wa hewa unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, akauziba. Akapaka chaki alama iliyo kwenye puli, akaimulika kwa taa ya taimingi, akasogeza distributa kidogo sana mpaka alama ikasimama mahali alipopaweka mtengenezaji. Akakaza, akarudisha mpira, na mwisho akarekebisha skrubu za kabureta. Mtetemo wa kwanza ulitoka kwenye skrubu hizo. Sisi tulikuwa tumeuficha kwa kuwahisha moto.

Ndugu zangu, gari lililopendeza likiwa limesimama lilitushinda mlimani. Nasi pia tulikuwa wapole sana kanisani, lakini kule Gikomba ulimi wetu ulitoa moto kabla hatujajua kweli. Mithali yatufundisha uzuri wa neno linalosemwa kwa wakati wake. Yakobo naye atutaka tuwe wepesi wa kusikia, na tusiharakishe kusema wala kukasirika. Tulikuwa tumeyasoma hayo mara nyingi. Lakini mtu akijipima kwa masikio yake mwenyewe, hujiona yu sawa. Hana budi kumulikwa na Neno, na kusogezwa mpaka kwenye alama ya Muumba wake.

Tulimwomba yule mzee msamaha pale pale, mbele ya watu. Akatusamehe, akakataa hata malipo. Lakini wateja wawili walikuwa wamekwisha kuondoka, wakichukua neno letu la "mwizi." Tuliwatafuta kibanda kwa kibanda, tusiwaone.

Je, mpendwa, yuko mtu uliyemwashia moto mapema mno? Au liko neno la msamaha unaloliahirisha mwaka hata mwaka? Cheche ichelewayo nayo haina nguvu. Mwendee leo, wangali wapo waliosikia.

Na tuombe. Ee Bwana, tumulike, utusogeze mpaka kwenye alama yako. Uzuie vinywa vyetu vinapotaka kuwahi, na uvifungue vinapochelewa kuomba radhi. Wakumbuke wale tuliowaumiza, ambao hatuwezi kuwafikia tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.