Nukta Sita za Louis Braille



Methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi haikosekani mahafalini, na aghalabu hufafanuliwa kana kwamba mhunzi hupata koleo jingine na kazi ikaendelea kama zamani. Lakini wapo ambao koleo lao halikupatikana tena, na Louis Braille ni mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1809 kijijini Coupvray, Ufaransa, na akiwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chuma cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, maambukizi yakaenea hadi jicho la pili, akapofuka kabisa.

Shule ya wasioona ya Paris, alikosoma, ilikuwa na vitabu vya herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, ambazo wenye macho walizibuni kwa kufuata macho yao, hivyo kidole kilizitambua polepole mno. Charles Barbier, aliyekuwa mwanajeshi, alileta mfumo wa nukta 12, nao ukazidi upana wa ncha ya kidole. Kasoro hiyo ndogo, ambayo mwenye kuona hakuwa na njia ya kuihisi, ndiyo aliyoing'amua kijana Braille, na kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amezipunguza nukta hadi 6, zinazoenea chini ya kidole kimoja na kutoa michanganyiko 63. Kwa Kiswahili mfumo huo huitwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kupapasa.

Isidhaniwe kwamba upofu wenyewe ndio uliomfunza. Shida imewamaliza wengi bila kuwafundisha lolote, jambo ambalo wasemaji wa mahafali hawapendi kulitaja. Braille aliuhesabu ujuzi wa vidole vyake kuwa ujuzi, wala si aibu, akaushughulikia miaka mingi huku akifundisha na kuugua kifua kikuu, hadi alipofariki mwaka 1852, miaka 2 kabla ya Ufaransa kuupokea rasmi mfumo wake.

Mhitimu wa ualimu atakayepangiwa shule yenye wanafunzi wasioona ataukuta mfumo huo dawatini: mwanafunzi hubana karatasi katika kibao chenye matundu, akabonyeza nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto kwa kichuma chenye ncha, kisichotofautiana sana na kile cha karakana ya Coupvray, kisha akaigeuza karatasi na kuanza kusoma.