Amana ya Mwili: Chakula, Dawa na Vidonge vya Nguvu







Mwili wa mwanadamu ni amana, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuichezea, wala ya kumkabidhi kila apitaye njiani. Lakini siku hizi amana hiyo imezungukwa na wachuuzi wengi. Katika masoko ya Bujumbura, Bukavu na Kampala, na hata nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa, huuzwa makopo ya vidonge na unga yanayosemwa kuwa husafisha damu, huzuia uzee, na huponya saratani, kisukari na shinikizo la damu kwa pamoja. Juu ya vibandiko vyake mara nyingi huonekana neno moja la kitaalamu: antioksidanti. Yapasa neno hilo lifahamike, ili mtu ajue anunuacho.

Chuma kikiachwa katika hewa na unyevu hupata kutu. Jambo lililo karibu na hilo hutokea ndani ya mwili. Oksijeni ile ile inayomhuisha mtu, katika kufanya kazi yake, huacha chembe kali ziwezazo kudhuru seli. Antioksidanti ni kitu kinachozituliza chembe hizo. Baadhi yake mwili hujitengenezea wenyewe, na nyingine hupatikana katika chakula: vitamini C katika mapera, machungwa na mapapai, vitamini E katika karanga, na beta-karotini katika maembe, karoti, mboga za majani, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, na mafuta mekundu ya mawese.

Wataalamu walikuwa wameona kwamba watu walao matunda na mboga kwa wingi hupatwa na saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wengine. Ikadhaniwa kuwa siri imo katika beta-karotini, na kwamba ikitiwa ndani ya kidonge itafanya kazi ile ile. Dhana hiyo ikapimwa. Huko Finland wanaume 29,133 wavutao sigara waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa beta-karotini, wengine vitamini E, wengine zote mbili, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Huko Marekani jaribio jingine, la watu zaidi ya 18,000, lilikatizwa mwaka 1996 kabla ya muda wake, kwa kuwa vidonge vya beta-karotini na vitamini A vilionekana kudhuru badala ya kulinda. Na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa wanaume waliopewa vidonge vya vitamini E walipatwa na saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17.

Basi embe si kidonge, na kidonge si embe. Ndani ya tunda vitu vingi hukaa pamoja kwa kadiri. Ndani ya kidonge hutiwa kitu kimoja, tena kwa wingi usiopatikana katika mlo wa kawaida.

Hii haina maana kuwa kila kidonge cha vitamini ni kibaya. Matone ya vitamini A wapewayo watoto wadogo kila baada ya miezi sita, na madini ya chuma na asidi ya foliki wapewazo wajawazito, ni tiba yenye faida. Lakini hizo hutolewa kwa kipimo, kwa upungufu ujulikanao, na kwa mkono wa mwenye elimu.

Huenda akatokea wa kuuliza: je, asali na habbasoda hazikusifiwa katika dini? Zimesifiwa, wala hapana Muislamu akataaye. Lakini Imamu Al-Khattabi alieleza kuwa tamko la Hadithi ya habbasoda ni la jumla, na makusudio yake ni mahsusi kwa aina fulani za maradhi. Wala mtu hapati katika sifa hiyo ruhusa ya kumwambia mgonjwa wa kisukari atupe insulini yake. Dawa hiyo iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Kabla yake, mtoto apatwaye na kisukari kile cha utotoni hakuwa na tumaini la kuishi. Kumwondolea leo kwa ajili ya kopo la unga ni kumrudisha katika hali ile.

Waislamu wa zamani hawakuwa wepesi wa kusadiki katika mambo ya dawa. Ibn Sina, katika Al-Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi, athari yake ionekane mara kwa mara, tena ijaribiwe kwa mwanadamu mwenyewe, kwani yafaayo kwa mnyama huenda yasimfae mtu. Na huko Baghdad, mwaka 931, mgonjwa alipokufa kwa kosa la tabibu, Khalifa Al-Muqtadir aliamuru matabibu wote watahiniwe na Sinan ibn Thabit; wakatahiniwa zaidi ya 860. Katika Hadithi pia imekuja maana ya kwamba atibuye watu, naye hajulikani kwa utabibu, hudaiwa madhara aliyoyaleta.

Hatari hii si ya mbali. Kati ya mwaka 2014 na 2015, katika Ituri, mashariki ya Kongo, watu wapatao 1,000 walipatwa na mikazo ya shingo, uso na ulimi, hata ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Ilipochunguzwa, ilionekana wamekula vidonge vya bandia vilivyoitwa diazepamu, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Baadhi yao walikufa. Jina lilikuwa moja na kilichomo kingine.

Kwa hiyo yapasa mambo machache. Dawa inunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa. Mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa shauri la mchuuzi, na atumiapo miti shamba amwambie daktari wake. Mvuta sigara aiache, maana hapana kidonge kitakachofuta moshi wake. Mawese yasichomwe hata yakawa meupe, kwani wekundu wake ndio beta-karotini yenyewe. Na viazi vya rangi ya chungwa vipandwe: Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, watatu kati yao, naye akiwamo, kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Fedha ya kopo moja huweza kuwalisha watoto matunda kwa siku nyingi.

Na viongozi wa misikiti wana wajibu wao. Auzaye mlangoni mwa nyumba ya Mungu huazima heshima ya nyumba hiyo, na mnunuzi humwamini kwa ajili yake. Heshima hiyo isiazimwe kwa kila aombaye.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape wazima shukrani ya uzima wao, na awajaalie waja wake kuitunza amana hii mpaka siku itakaporudishwa kwa Mwenyewe. Amin.