Barua ya Fundi na Kalamu ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ipole)



Tumeombwa tuseme juu ya kutafuta kazi za ufundi na namna ya kuandika wasifu wa mwenye kuzitafuta. Huenda mtu akauliza, makarani yawahusu nini mambo ya randa na mwiko? Yatuhusu sana. Hapa Ipole fundi atakaye kazi huja kwanza mezani petu, akasema, "Bwana karani, niandikie." Basi riziki yake hupita katika kalamu yetu kabla haijafika mkononi mwake.

Hatuna budi kuungama jambo moja. Alitujia seremala, mtu mzima, ambaye paa za nyumba nyingi ni kazi yake. Tulimwandikia maneno mazuri: mwaminifu, mtiifu, mwenye bidii, yu tayari kutumika popote. Tulijivunia ufasaha wetu, wala hatukutaja hata paa moja. Aliporudi alituambia ya kwamba msimamizi aliisoma karatasi ile, akamwuliza, "Lakini wewe wajua kufanya nini?" Kabla hajajibu, akaitwa mwingine. Kosa lilikuwa letu, nayo njaa ilikuwa yake.

Watu wa njia ya misafara walijua thamani ya kazi iliyoshuhudiwa. James Chuma alikuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa David Livingstone, wakapita nao Unyanyembe mwaka 1873, wakaufikisha pwani mwaka 1874. Mwaka 1879, msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson ulipotaka mkuu wa wapagazi, alichukuliwa yeye. Kazi yake ilikuwa imemtangulia. Leo msimamizi hamjui fundi wetu. Karatasi ndiyo imtanguliayo. Kwa hiyo na isema kazi.

Kwanza, andikeni kazi kabla ya sifa. Badala ya "nina uzoefu mkubwa," andikeni: "Machi hadi Julai 2023, nilipaua madarasa mawili, kenchi nilizipima na kuziunga mwenyewe, nilisimamia vijana watatu." Mwenye kusoma ataona mwezi, mahali, kipimo na dhamana. Tajeni pia zana azijuazo na kazi aiwezayo pasipo kusimamiwa. Kazi ya karibuni ije juu. Ukurasa mmoja watosha, wa pili ukizidi sana.

Pili, tajeni mashahidi wawili au watatu walioiona kazi, lakini waombwe ruhusa kwanza. Namba ya simu iwe ile ipatikanayo, si ya shemeji aliye safarini.

Tatu, vyeti. Wengi wa mafundi wetu walijifunza kwa kumshikia fundi mkubwa kamba na futi, wala hawana karatasi. Wasikate tamaa. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupima pia ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na afaulupo mtu hupewa cheti. Twawasihi muwaelekeze huko. Tena apelekaye maombi apeleke nakala. Hati yenyewe ibaki nyumbani.

Nne, msiandike uongo. Tumekwisha kuombwa tumwongezee mtu daraja asilolipata, na huruma ikatushika, kwa maana twaijua nyumba yake. Lakini mchomeleaji wa karatasi tu ataumbuka siku ya kwanza apewapo chuma. Na mwenye kujidai fundi umeme aweza kufa, au kuua. Huruma ya namna hiyo ni ukatili.

Juu ya mahali pa kutafuta, tusingoje tangazo la ubaoni peke yake. Mwezi wa Desemba 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa reli mpya kutoka Makutupora hadi Tabora. Nao Julai 2022, wa kutoka Tabora hadi Isaka. Ujenzi wa namna hii hutaka waashi, wasuka nondo, maseremala na wachomeleaji, na karibu yake huzuka kazi ndogo za nyumba na karakana. Fundi aende asubuhi, amwulize msimamizi kwa adabu, amwachie karatasi, arudi baada ya juma moja. Tena asiwasahau wenzake, kwani mara nyingi fundi mwenye kazi nyingi ndiye amtajaye fundi asiye na kazi.

Ndugu wanachama, twaomba Chama kikubali jambo moja: kila mmoja wetu atenge saa moja kwa juma kuwaandikia mafundi bila malipo, naye aulize kwanza, "Umejenga nini? Wapi? Nani aliona?" Yule seremala alirudi tena mezani petu. Safari hii tulinyamaza, yeye akasema, nasi tukaandika. Karatasi ilijaa paa.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Nao mkono uliojaa kazi usifichwe na kalamu yetu.