Kadi Iliyopita Muda: Chanjo ya Mbwa Kati ya Kampeni na Kampeni



Niliombwa nizungumzie umuhimu wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa ruhusa yenu, huo umuhimu nitauruka. Tangu nianze kazi ya kuchanja mbwa hapa Tanga sijakutana na mtu anayebisha kwamba chanjo ni jambo jema. Wanaotusumbua si wanaokataa. Wanaotusumbua ni waliokubali mara moja wakadhani yamekwisha.

Siku moja tulikuwa tunachanja chini ya mwembe katika kata moja ya pembezoni mwa jiji. Watoto ndio waliotangulia, kama kawaida, wakiburuta mbwa kwa kamba za katani, na mmoja kwa mkanda wa suruali ya baba yake. Akaja mzee, kofia ya kiua kichwani, mbwa wake mwekundu akimfuata nyuma bila kamba. Kabla sijamuuliza lolote alitoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na risiti za umeme na kadi ya chanjo.

"Huyu wangu keshachanjwa, mwanangu. Nimekuja kukuonyesha tu, usije ukasema wazee hatusikii."

Kadi ilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kuziona ofisini. Muhuri upo, sahihi ipo, rangi ya mbwa imeandikwa. Tarehe ya kurudi ilikuwa imepita kwa miaka mitatu.

Sikumcheka. Jioni ile nilirudi nyumbani nikaitafuta kadi ya mbwa wangu mwenyewe, Bobi, nikaikuta imepitiliza miezi mitano. Mimi ninayeshika sindano!

Mzee yule alikuwa na hoja yake. Mtoto akichanjwa kifua kikuu alipozaliwa, anabaki na kovu begani mpaka uzeeni, na hakuna anayemwita tena. Kwa nini mbwa aitwe kila mwaka? Jibu ni kwamba chanjo ya mbwa tunayoitumia ina virusi vilivyouawa. Mwili wa mbwa unavitambua, unajiandaa, kisha maandalizi yanapungua kadiri miezi inavyokwenda. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, anarudiwa baada ya mwaka, na kuanzia hapo sisi tunafuata utaratibu wa kila mwaka. Zipo chanjo ambazo mtengenezaji anaandika kwamba zinadumu miaka mitatu. Fuata kilichoandikwa kwenye kadi, usifuate kumbukumbu ya jirani. Tena kinga ya dozi ya kwanza haiji siku hiyo hiyo, inachukua wiki tatu hadi nne kukomaa. Anayengoja mpaka mbwa wa nyumba ya pili ajikwae ukutani huku udenda unamtoka, ndipo apige simu kwa bwana mifugo, amechelewa.

Hilo ni la mbwa mmoja. La kata nzima ni zito zaidi, nami naomba tulihesabu pamoja. Tuchukue kata ya kufikirika yenye mbwa 100. Mwezi wa Septemba tunachanja 70, tunapiga picha, tunaandika taarifa. Lakini mbwa wetu hawaishi sana. Huyu anagongwa na gari barabara ya Pangani, yule anakufa kwa minyoo, wengine wanagawiwa kwa shemeji Korogwe. Nafasi zao zinachukuliwa na watoto waliozaliwa baada ya sisi kuondoka. Ikiwa kwa mwaka theluthi moja ya mbwa wamebadilika, wale 70 wamebaki kama 47, na hakuna aliyekosea chochote. Utafiti uliofanywa wilaya za Serengeti na Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei tu. Ni ugonjwa unaotambaa, haukimbii. Ndiyo maana unaweza kukomeshwa kwa kuchanja asilimia 70: tunaanza juu ili mpaka kampeni ijayo tusiwe tumeshuka chini ya kiwango cha kuukata. Ukiruka mwaka mmoja, unaupa njia. Ukiruka miwili, ni kama hukuwahi kuchanja.

Ushahidi wa maneno haya hauko mbali. Uko ng'ambo ya mkondo huu wa bahari, kama kilomita 50 kutoka pwani yetu. Kisiwa cha Pemba kiliingizwa katika mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, pamoja na wilaya za kusini mashariki mwa Bara. Watafiti walifuatilia kila tukio la kung'atwa, nyumba kwa nyumba, na kusoma vinasaba vya virusi vilivyopatikana kwenye ubongo wa wanyama waliokufa. Waligundua kwamba mwaka 2010 kisiwani kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi inayozunguka kwa wakati mmoja. Kampeni za kila mwaka zikaendelea, tena kila mwaka kwa ubora zaidi. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisiwa kidogo, Wapemba wengi hata hawafugi mbwa, ugonjwa umekwisha. Nani angeendelea kutenga fedha? Chanjo zikasimama. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena, si mara moja bali mara mbili, kila mara kwa njia yake. Watu wakaanza kung'atwa upya. Ilibidi kampeni ya kisiwa kizima irudishwe, na Oktoba 2018 mlipuko ule ukazimwa. Watafiti wale wanakadiria kwamba Pemba ikiendelea kuwa salama, kila mwaka zaidi ya familia 30 zinaepushwa na mkasa wa kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Somo hili nalisoma kwa macho ya mtu wa Tanga. Kirusi hakiogelei. Kikivuka bahari, kimebebwa na mnyama, na mnyama huyo siku ya safari anaweza kuwa mzima kabisa, anatikisa mkia, kwa sababu ugonjwa hulala mwilini wiki kadhaa, hata miezi. Sisi tuna bandari, tuna mashua zinazoondoka alfajiri, tuna mpaka wa Horohoro na malori yake. Kumpakia mbwa chomboni bila cheti cha chanjo na kibali cha kusafirisha mnyama ni kuwatendea jirani zetu visivyo, na wao vivyo hivyo kwetu.

Kwenye mashamba hali ni nyingine kidogo. Muheza, Pangani na Mkinga mbwa ni mfanyakazi. Analinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, analala nje, anapigana na wanyama ambao hatuwezi kuwachanja. Wenzetu wa Lindi na Mtwara waliwahi kupitia hayo kwa ukali: katika kumbukumbu za wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa huko, bweha walikuwa zaidi ya asilimia 40. Hata hivyo kuchanja mbwa kulipunguza ugonjwa, hata kwa bweha. Kwa hiyo sipokei ile hoja ya "porini kumejaa, mtachanja hadi lini". Wala sipokei ya kupiga risasi mbwa wanaozurura. Wengi wa hao tunaowaita koko wana mwenyewe, na baadhi yao wamechanjwa. Ukimuua aliyechanjwa umejiondolea askari, na baada ya miezi sita nafasi yake ina watoto wanne wasio na kinga.

Niseme kidogo kuhusu joto, maana wenzangu wa vijijini wananiuliza kila siku. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na friji ya zahanati mara nyingi imejaa chanjo za watoto, na ndivyo inavyostahili. Huko Mara watafiti walijaribu aina moja ya chanjo ya mbwa, wakakuta hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye 30, bado mbwa waliochomwa walipata kinga sawa na ya waliochomwa chanjo iliyotoka kwenye friji. Wakatengeneza chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji, kwa elimu ile ile ya mtungi wa bibi. Mimi naona hili ni jambo kubwa, kwani linaruhusu dozi chache ziwepo kijijini mwaka mzima badala ya kungoja gari la wilaya. Tahadhari mbili tu: Tanga ya Februari ina joto kuliko Serengeti, na majaribio yale hayakuhusu kila chanjo, wala si ya binadamu.

Masheikh wangu, nanyi nina neno. Wapo wanaoniambia, "Daktari, mimi mbwa simgusi, ni najisi." Sibishani na fikihi, sina elimu hiyo. Lakini mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa kufugwa, na kila mtu aliyepita madrasa anaijua habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Anayeona tabu kumshika amtume kijana amlete, sindano tutachoma sisi. Na lile la kuosha chombo mara saba, mojawapo kwa udongo, lisihamishiwe kwenye jeraha. Jeraha la meno ya mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku ile ile. Si mafuta ya taa, si majivu, si pilipili. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa binadamu, akaanza kuogopa maji, hakuna dawa ya kumrudisha. Dozi za aliyeng'atwa ni kadhaa, kwa tarehe zilizopangwa, na gharama ya dozi moja ni mara nyingi ya ile ya mbwa, kabla hujahesabu nauli ya kutoka Mkwaja hadi mjini. Makadirio yanayotumika sana yanasema Tanzania hupoteza watu kama 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, na dunia nzima kama 59,000. Sehemu kubwa yao ni watoto, hao hao wanaotuletea mbwa kwa kamba za katani.

Ninachopendekeza si kampeni kubwa zaidi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, iendelee. Lakini kila mtaa uwe na daftari moja, kwa mwenyekiti wa mtaa na si ofisini kwangu, lenye jina la mwenye mbwa, namba ya simu, rangi ya mbwa na tarehe ya kurudi. Kila mwezi mtendaji anasoma tarehe za mwezi huo, anapiga simu au anamtuma mjumbe. Watoto wa mbwa waandikwe wakizaliwa, wasingoje Septemba; na siku ya kampeni waletwe hata kama ni wadogo, tutawachoma na kuwapangia tarehe ya kurudia. Paka nao wana ukurasa wao.

Nimekuja na daftari la mfano. Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe: Bobi, mweusi, kifua cheupe, na tarehe yake. Wa pili ni wa yule mzee, aliyerudi wiki iliyofuata na kikapu cha ukindu chenye watoto watatu wa mbwa, bado hawajafumbua macho vizuri. Niliwaandika, nikampangia siku. Naomba daftari lizungushwe wakati wa chai, na wenye mbwa humu ukumbini waandike tarehe zao, kama wanazikumbuka.