Madhara Ni Deni, na Deni Huandikwa



Aprili 20, 2010, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, karibu na Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walikufa. Kisima kilimwaga mafuta baharini siku 87 kabla ya kuzibwa, na wavuvi wakakatazwa kuvua sehemu kubwa ya ghuba.

Kampuni zikaanza kusukumiana lawama. Mwaka 2014 jaji akazigawanya: BP, mwenye kisima, asilimia 67, Transocean, mwenye mtambo, 30, Halliburton, aliyetia saruji, 3. Mwaka 2016 mahakama ikapitisha makubaliano ya BP kulipa zaidi ya dola bilioni 20 kwa serikali ya Marekani na majimbo matano ya ghuba, zikiwemo pesa za kufufua fukwe na mazalia ya samaki. Hiyo si sadaka, jamani. Aliyeharibu ndiye alipaye.

Lakini sikizeni hapa. Mvuvi aliyekuwa na risiti na hesabu za kodi alikuwa na cha kuonyesha alipodai fidia. Wengi waliouza samaki mkono kwa mkono, wakiwemo wahamiaji kutoka Vietnam, walihangaika sana. Hasara yao ilikuwa ya kweli, ila haikuandikwa popote.

Na sisi Waislamu tushaambiwa! Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, al-Baqara 282, yazungumzia deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Anayekuharibia bahari ana deni lako.

Utaniuliza, ya Louisiana yatuhusu nini? Meli za mafuta zatia nanga hapa Kipevu, Mombasa. Yakimwagika kesho, babako atathibitisha vipi alikuwa akipata kilo ngapi?

Sheria tunayo. Kifungu cha 42 cha Katiba chakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 chakuruhusu kwenda kortini hata kama wewe mwenyewe hujapata hasara. Wavuvi wa Lamu walishtaki kuhusu bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kwa hivyo yawezekana.

Basi kazi yako ni hii. Simu unayo. Mzee akirudi pwani jioni, mwandikie: tarehe, aina ya samaki, kilo, bei. Piga picha. Mama karanga naye asifute ujumbe wa M-Pesa. Peleka nakala kwa BMU yenu. Ni dakika tano tu.

Usingoje bahari igeuke nyeusi ndio utafute kalamu. Anza leo, baada ya Maghrib.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.